Buti la Pola Ukingoni

Pola alikufa Jumapili, tarehe kumi na nne Septemba, saa kumi na dakika ishirini za alasiri, chini ya kidole gumba cha mjomba wangu Zuhair, aliyekuwa akijaribu kioo kipya cha simu. Alifia Malindi, mtaa wa Shela, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa duka la mjomba. Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Tundu la kitasa lingalipo, na mgeni asiyelijua huinuka kanzu ikiwa imenaswa. Kijiwe chaitwa Chaji, kwa sababu kila anayekaa hapo ana simu yake ndani inakula moto. Mjomba, fundi wa simu, wamemwita Saketi. Muuza kahawa, Faki, ni Marudio, kwa kuwa hakuna goli wala ugomvi ambao hatausimulia mara tatu. Mzee Mwambire wa Jilore alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, na hadi leo hamalizi kikombe bila kutoa hukumu, kwa hiyo yeye ni Korti. Na kila Jumapili huja Tsuma, mfanyakazi wa chumvi huko Marereni, aitwaye Gambuti kwa mabuti yake ya mpira asiyoyavua. Mimi sikupewa jina la heshima. Tangu mwezi wa Aprili huniita Muuaji.

Sababu yao wanayo. Pola ni shujaa wa gemu ya simu, na hadithi yake nimeiandika mimi, katika kampuni ndogo ya watu wanne huko Kilifi mjini. Ni mwanamke mzoa chumvi. Anasukuma wilbaro, anapigana na kitu kinachoyanywa maji ya mabwawa usiku, na mwisho bahari inapofurika analifunga lango la maji akiwa upande wa ndani, ili kambi ya wenzake isizame. Wenzake wanapona. Yeye anachukuliwa. Gemu ilipendwa kuliko tulivyotarajia, na sasa Ochola, mkubwa wetu, anataka sehemu ya pili, na humo anamtaka Pola yu hai. Jumatatu asubuhi nilitakiwa nimjibu. Ningesema harudi, kazi angepewa mwengine, na huyo mwengine angemrudisha kabla ya chai ya saa nne. Tangu adhuhuri nilikuwa chumbani juu ya duka, mbele ya ukurasa mtupu, nikitafuna kucha, ndipo niliposikia ukelele chini.

— Umeniulia! Saketi, umeniulia Pola!

Nikashuka. Tsuma alikuwa amesimama katikati ya njia, simu mkononi, kama mtu aliyepokezwa mtoto asiyepumua. Mjomba alikuwa mlangoni na bisibisi yake.

— Nilikuwa najaribu pembe ya chini, — alisema mjomba. — Kioo kipya sharti ukiguse pembe zote nne. Mimi nitajuaje pembe ya chini ndiko liliko lango?

— Ungejaribu kwa kumpigia mkeo!

— Mke wangu hapokei. Ajua ni mimi.

— Kaeni kitako, — alisema Korti, akagonga benchi kwa kikombe. — Mlalamikaji, eleza. Wewe gemu hiyo si unayo tangu Aprili? Sisi sote tulimzika zamani huyo mwanamke.

— Mimi sikumzika, — alisema Tsuma. — Nyinyi mlipofika mwisho mlikuja hapa mkilia, nikajua kuna nini mbele. Basi nikamfikisha ukingo wa bwawa la mwisho, nikamsimamisha. Sikumpeleka mbele. Kila jioni nikitoka kazini namfungua, namtazama kasimama pale, upepo wampiga leso, namfunga. Miezi mitano, simuni mwangu Pola hajafa. Leo nampa Saketi simu anibadilishie kioo, namwendea kuichukua, namkuta mtu amekwisha chukuliwa na maji!

Hakuna aliyecheka. Faki alimimina kahawa akamkabidhi.

— Dada Shahida, — Tsuma alinigeukia. — Wewe ndiwe uliyemwandika. Mrudishe.

— Siwezi kumrudisha kwa simu moja, kaka Tsuma. Ila waweza kuianza gemu upya.

— Nianze upya? Huyo atakuwa Pola mwengine. Huyo hatanijua.

Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki, kizingitini, mguu mmoja dukani na mmoja kijiweni, kama anavyotaka mama, asiyependa nikae kijiweni na wanaume. Nilipokuwa nikiandika niliwaza kila namna ambayo mtu angeweza kuimaliza ile gemu. Sikuwaza kwamba yuko atakayekataa kuimaliza.

— Kunywa, Gambuti, — alisema Faki. — Hawa mashujaa hawafi jumla. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Pola ameenda omo. Ngamani ndiyo sehemu ya pili. Atarudi.

— Methali hiyo haina maana hiyo, — nilisema.

— Nani mwenye chombo hapa, Bi Digrii? Wewe au mimi?

— Hata wewe huna.

— Basi tuko sawa, usinifundishe.

Mjomba, ambaye alikuwa akitafuta njia ya kutoka kizimbani, alidakia.

— Lakini kurudi atarudi kweli, na sababu yake ni ya ufundi. Nisikizeni. Shujaa akifika mwisho wa sehemu ya kwanza ashakuwa na kila kitu. Ana panga, ana mbio, ana dawa, ramani yote imefunguka. Ukimleta hivyo sehemu ya pili, nani atamsumbua? Mbu? Basi wenye gemu wamuua, kisha wamrudisha hana kitu, aanze tena kujifunza hata kuruka kidimbwi. Ni kama simu iliyojaa. Waifuta, yarudi kama ilivyotoka kiwandani. Namba ni ile ile, mwenyewe ni yule yule, lakini picha za harusi hazimo.

— Za harusi yangu ulizifuta hivyo hivyo, — alisema Faki.

— Harusi ile ilikaa wiki sita. Nilikupunguzia mzigo.

Nilitaka kumwambia mjomba kwamba amekaribia sana, kwamba kazini kwetu tuliwahi kukesha tukibishana jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi. Lakini Faki alikuwa ameshaweka dele lake la kahawa chini. Akiweka dele chini, ana hoja.

— Saketi, hayo ni ya mitambo. Tazameni binadamu. Mtu akichoka na watu wake, huenda wapi?

— Huenda wapi?

— Mtwapa! Apanga chumba, abadilisha laini, na huku nyumbani wamsomea hitima. Baada ya miaka miwili waonana naye stendi, kanenepa, akuuliza: kumbe mlinitafuta? Mashujaa wa gemu ndio hao. Hawafi. Wapumzika na sisi.

— Una ushahidi? — aliuliza Korti.

— Ninao. Maji yalipotulia, ukingoni limebaki nini? Buti. Mabuti mangapi? Moja! Sasa niambie, maji ya kumbeba mtu mzima yatamvua buti moja, lingine yamwachie? Huyo alivua mwenyewe, akaondoka zake.

— Akaenda Mtwapa na buti moja?

— Mtwapa nani ana nafasi ya kutazama miguu ya mtu?

Wakacheka, na Tsuma mwenyewe akacheka kidogo, bila kutaka. Mimi masikio yaliniwaka. Niliandika mabuti mawili. Maneno yenyewe nayakumbuka: mabuti mawili, la kushoto limelala. Lewis, mchoraji wetu, alichora moja, na nilipoligundua kosa gemu ilikuwa imeshatoka. Tangu hapo, nikiona mtu anaicheza karibu nami, huondoka kabla ya kufika ukingoni.

— Ushahidi wa buti umepokelewa, lakini ni dhaifu, — alisema Korti. — Mimi nina ushahidi wa macho. Mwaka juzi, pale ng'ambo ya njia kwenye chumba cha gemu, nilimwona mzungu mmoja mwenye ndevu. Kapigwa risasi, kaanguka kutoka juu ya mnara. Alikufa, nilishuhudia, na kahawa yangu ilimwagika. Mwaka huu nikapita, yumo tena. Jina ni lile lile. Hana ndevu, uso mbichi. Vijana waniambia, mzee, amefufuka. Nikawatazama tu.

— Kwani hakufufuka?

— Huyo ni mjukuu wake.

Mjomba aliweka bisibisi chini.

— Mjukuu, Mzee Mwambire?

— Mbona mwashangaa? Mimi ni Mwambire. Tsawe wangu, babu mzaa baba, alikuwa Mwambire. Baba alikuwa Kenga. Mwanangu wa kwanza ni Kenga, na mwanawe ni Mwambire, yuko Jilore, ana meno mawili. Mgeni akija leo akasikia Mwambire analilia uji, atasema mimi nimefufuka? Ni jina limepata mtu mwengine wa kulibeba. Hao wazungu nao kumbe wana adabu, mimi nimewaheshimu sana kwa hilo. Hawakumwacha mzee wao apotee.

— Haya, — alisema mjomba, — kama sehemu ya kwanza ni babu na ya pili ni mjukuu, baba mtu yuko wapi?

Korti alikunywa kahawa taratibu. Ilionekana wazi kwamba swali hilo hakulitarajia.

— Wamemruka.

— Wamemruka!

— Baba mtu alikuwa mkulima. Nani atatengeneza gemu ya kupalilia?

— Zipo, — nilisema. Sikuweza kujizuia. — Gemu za kulima zipo, tena nyingi.

— Basi ndizo hizo! — Korti alipiga goti. — Mahakama haikosei. Huko ndiko aliko baba mtu, apalilia. Waulizeni vijana, watawaambia aitwa Kenga.

Faki alirudia hukumu hiyo mara mbili kwa furaha, na mara ya pili Kenga alikuwa ana ekari kumi za mahindi. Nami nilicheka, lakini humo ndani ya kicheko nilimtazama yule mzee na kumstahi. Dunia nzima wanaona shujaa karudi bila ndevu wanalalamika kwamba hadithi haina mantiki. Yeye aliona ukoo.

— Kwa hiyo, — alisema Korti, — hukumu ni hii. Pola amekufa. Pole zetu kwa mlalamikaji. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Hayazoleki wapi?

Ni Tsuma. Simu ilikuwa imelala pajani, kioo chake kipya kinang'aa bure.

— Hayazoleki wapi, mzee? Kwetu Marereni twayazoa. Maji ya bahari wayamwaga bwawani kusudi. Wayaacha. Jua layapiga, upepo wayapiga, mtu akipita asema yamekwisha, hakuna kitu pale. Kisha waja na reki, wazoa. Yale maji hayakupotea. Yamekuwa meupe, basi.

Faki alimjazia kikombe. Neno hilo hakulirudia.

— Dada Shahida, mimi sikugombezi, — Tsuma aliendelea. — Nataka uelewe tu. Siku ya kwanza nilipoicheza hiyo gemu, nilisikia wilbaro ya Pola. Kabla ya kupinda kona gurudumu lililia, kwii, kisha likanyamaza, kisha kwii. Nikamwita mke wangu jikoni. Nikamwambia, sikiza, hii ni sisi. Hakuna mtu aliyewahi kututia kwenye kitu kama hicho. Watu wa gemu huwa na bunduki na magari. Huyu ana nyufa za miguu. Mulungu wangu, nilifurahi. Sasa niulize moja tu: mtu uliyemjua mpaka mlio wa wilbaro yake, wamuua vipi?

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo tangu Aprili, na lilipokuja lilikuja kwa upole, ambao ni mbaya zaidi.

— Kwa sababu wengine wote wanarudi, — nilisema. — Unacheza, shujaa anakufa, unajua wiki ijayo atakuwa hai. Hulii. Nilitaka mmoja ambaye akilifunga lango, limefungwa. Alijua hatatoka, na akalifunga. Nikimrudisha, lile lango litakuwa mlango tu. Na kesho asubuhi nisipomrudisha mimi, atarudishwa na mtu ambaye hajui hata wilbaro inaliaje.

— Loo, — alisema mjomba polepole. — Kumbe ndiyo maana huli.

— Basi mrudishe wewe, — alisema Faki. — Akirudi kwa mkono wako, angalau wilbaro itapakwa mafuta.

— Isipakwe! — alisema Tsuma.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja, mkoba begani, kuchukua simu yake iliyokuwa imeingia maji. Ni mshonaji wa Mambrui, jina lake Easter, na kijiweni hajawahi kukaa. Alimwamkia Korti shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasimama akingoja huku mjomba akipekua droo. Alimtazama Tsuma, akatutazama sisi.

— Samahanini, — alisema. — Tangu nilipokuwa pale kona nawasikia mwamtaja Pola. Ni msiba wa nani?

— Si msiba, dada, — alisema Faki. — Ni gemu ya simu. Shujaa amekufa, tunabishana kama atarudi.

— Ni msiba wangu, — alisema Tsuma.

Easter alikubali majibu yote mawili, kama mtu aliyezoea nyumba ambazo kila mmoja ana habari yake.

— Poleni, — alisema. — Na alizikwa wapi?

— Nimekwambia ni gemu, dada.

— Nimesikia. Huko kwenye gemu, alizikwa wapi?

Faki alimtazama mjomba. Mjomba alimtazama Korti. Korti, ambaye ana hukumu ya kila jambo, aliangalia ndani ya kikombe chake. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Kina cha kila bwawa la gemu ile nakijua. Mwezi mzima nilikaa Marereni nikirekodi milio. Jina la mama yake Pola ninalo, ijapokuwa halitajwi popote, na najua alikula nini asubuhi ile. Nilitafuta kichwani mwangu kaburi lake, na palikuwa peupe.

— Baada ya maji, kioo kinakuwa cheusi, — nilisema. — Kisha yanakuja majina yetu sisi tulioitengeneza.

— Majina yenu.

— Ndiyo.

— Na hao aliowaokoa? — aliuliza Easter. — Hawakwenda hata kumtafuta?

Faki aliliinamisha dele juu ya kikombe cha Tsuma. Yalitoka machicha tu.

— Kahawa imekwisha, — alisema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alilisema jambo mara moja.

Mjomba alimpa Easter simu yake. Yeye alimshika Tsuma mkono, akamwambia pole sana kaka, kama mtu aondokaye matangani, akaenda zake. Tsuma naye akaondoka mapema ili asikose gari. Simu aliitia mfuko wa shati bila kuizima, nami niliuona mwanga wake kupitia kitambaa mpaka alipopinda kona.

Asubuhi yake, Jumatatu, niliposwali alfajiri nilikaa mezani na sikujiuliza tena kama Pola anarudi. Niliandika ukurasa mmoja. Maji yametulia. Watu wa kambi wanatoka, wanajihesabu, wanamkosa mmoja. Hakuna muziki. Mchezaji hapewi panga wala ramani. Anapewa jembe, na udongo wa pale juu ni mgumu mweupe na chini una maji, na hauchimbiki kwa kubofya mara moja. Nikaupeleka kwa Ochola na maneno haya: «Kama atarudi sijui. Lakini sehemu ya pili inaanzia hapa. Ukimpa mwengine aiandike, mpe na jembe.»

Jibu lilikuja kabla sijamaliza chai.

«Nimesoma mara mbili. Iandike wewe. Ila nieleze, watazika nini? Mwili haupo.»

Nilikaa na swali hilo, nikaona kwamba hili nalo silijui, na kwamba safari hii kutojua hakunitetemeshi. Nikampigia Tsuma. Alipokea akihema, nyuma yake kuna watu wanaitana na upepo mwingi.

— Kaka Tsuma, ni Shahida. Samahani, uko kazini. Watu wa kambi wanataka kumzika Pola, na maji hayakumrudisha. Wanazika nini?

Nilisikia akiwaambia wenzake watangulie.

— Lile buti, — alisema mwishowe. — Lingali pale ukingoni?

— Lipo. Moja tu.

— Mwambie mchoraji wenu asithubutu kuchora la pili. — Akavuta pumzi. — Una pahali pa kuandika? Ngoja kwanza niiweke hii wilbaro chini, nikueleze vizuri.

Nikalisikia gurudumu likilia, kwii, likanyamaza, likalia tena mara moja, kisha kimya. Nikafungua ukurasa mpya.